Kukwama Njiani Si Kupotea Njia

Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

Leo naomba niwazungumzie jambo lililonipata mimi mwenyewe, tena nalisimulia kwa haya kidogo, kwa sababu ni habari ya mtu mzima mwenye mvi aliyekasirikia daftari la masomo akalitupa juu ya kabati.

Daftari hilo lilikuwa la Kihispania. Najua wapo watakaocheka. Mstaafu wa Dar es Salaam anataka Kihispania cha nini? Anakwenda kucheza mpira Madrid? La hasha. Nina binti anayeishi Málaga, mji wa bandari kusini mwa Hispania. Ameolewa huko, anafanya kazi huko, na amenipatia mjukuu wa kiume ambaye sasa ana umri wa miaka sita. Mjukuu huyu anakisikia Kiswahili cha mama yake, na maneno mengi anayaelewa, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kihispania, kwa kuwa ndiyo lugha ya shuleni, ya mtaani na ya baba yake. Kila Jumapili jioni tunapigiana simu ya video. Ninyi mnajua kuwa kwetu babu na mjukuu ni watani. Sasa utani huo utauleta kwa lugha gani, ikiwa kila sentensi lazima mama mtu aitafsiri? Utani ukitafsiriwa unageuka kuwa tangazo.

Jirani yangu mmoja aliniuliza, "Kwa nini asijifunze yeye Kiswahili?" Nikamjibu kwamba anajifunza, na mama yake anajitahidi. Lakini yeye ana miaka sita na mimi nina miaka sitini na sita. Kati yetu sisi wawili, ni nani asiye na muda wa kungoja? Basi nikanunua daftari, nikapata kitabu cha mitumba, nikawekewa programu ya masomo kwenye simu, nikaanza. Nusu saa kila siku, alfajiri, kabla ya chai.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa ya raha tupu, na ni vizuri nieleze kwa nini, maana ndani ya raha hiyo ndimo ulimojificha mtego.

Mswahili anayeanza Kihispania hukaribishwa moja kwa moja hadi sebuleni. Irabu zao ni zile zile zetu tano, na zinatamkwa vivyo hivyo. Mkazo wa neno mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Ile herufi yao ñ yenye kiwimbi juu ni ny yetu, kwa hiyo neno mañana, yaani kesho, tunalisoma bila taabu. Hata maneno mengine tunafahamiana nayo. Meza kwao ni mesa na bendera ni bandera, kwa sababu sisi tuliyachukua maneno hayo kwa Wareno, na Kireno na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja. Sukari kwao ni azúcar. Neno lao hasta, lenye maana ya "mpaka", lina asili moja na hata yetu. Meya wao anaitwa alcalde, na ukichimba chini utamkuta kadhi. Hayo yametoka katika Kiarabu, kwani majeshi ya Waislamu yaliingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho huko, ile ya Granada, ilianguka mwaka 1492. Málaga yenyewe anakokaa mjukuu wangu ilikuwa chini ya utawala wa Kiislamu hadi mwaka 1487.

Vitenzi navyo si vigeni. Sisi tunasema nasema, unasema, anasema, wala hatulazimiki kutamka mimi, wewe, yeye. Wao nao husema hablo, hablas, habla, na kwao alama ya msemaji iko mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni. Sisi tunasema "nakupenda" na kumweka mpendwa kabla ya kitenzi. Wao husema te quiero, na mpendwa yuko pale pale mbele.

Basi nikawa napanda ngazi mbili mbili. Kila siku maneno kumi mapya, na kila Jumapili nilikuwa na kitu kipya cha kumwonyesha mjukuu. Umekula? Umelala? Shuleni vipi? Huko kuna baridi? Mtoto anajibu, naelewa, nacheka, binti yangu anapiga makofi. Nikajiambia kwamba kwa mwendo huu, baada ya mwaka nitakuwa nahutubia.

Kisha Kihispania kikagoma.

Sikuona siku kilipogoma. Mwezi wa tano ukapita, wa sita, wa saba, nami nikajikuta nasema yale yale. Umekula? Umelala? Huko kuna baridi? Maneno niliyoyajifunza Jumatatu yalikuwa yamekimbia ifikapo Alhamisi. Nikifungulia Radio ya Taifa ya Hispania kwa njia ya intaneti, nasikia mto unapita, na ndani ya mto huo neno moja moja kama jani linaloelea. Mjukuu naye kadiri alivyokua alizidi kuongea upesi, tena kwa lafudhi ya watu wa kwao, ambao herufi s iliyo mwishoni mwa silabi huipuliza tu au kuimeza. Kitabu changu kinasema está. Mtoto anasema ehtá. Kitabu kinasema cansado, yaani amechoka. Mtoto anasema cansao. Wakati huo huo programu ya simu ilikuwa ikinipongeza kila asubuhi kwa siku nilizofululiza. Siku 200! Siku 210! Nikawa kama abiria wa foleni ya Ubungo, injini inanguruma, mafuta yanakwisha, nguzo ya umeme iliyo dirishani ni ile ile.

Halafu ikaja Jumapili moja. Mjukuu aliona ukutani nyuma yangu picha ya marehemu mke wangu, aliyefariki kabla mtoto huyu hajazaliwa. Akauliza, "Abuelo, ¿cómo era la abuela?" Babu, bibi alikuwaje?

Swali nilielewa, neno kwa neno. Nikajibu, "Buena. Muy buena." Mzuri. Mzuri sana. Mtoto akangoja. Binti yangu alikuwa jikoni, hakusikia. Mtoto akaendelea kungoja, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane ya ndoa kifuani, na mdomoni nilikuwa na neno moja. Alipoona babu amemaliza, akaanza kunionyesha gari lake la kuchezea.

Usiku ule ndipo daftari liliporuka juu ya kabati. Pengine mtadhani swali kama lile lingenipa ari mpya. Halikunipa. Lilinionyesha kwamba kwa miezi minane nilikuwa nikisoma lugha, na siku nilipoihitaji haikuwepo. Likakaa juu ya kabati wiki saba, likapata vumbi lake la haki.

Aliyelishusha ni kijana mmoja niliyekaa naye kwenye basi nikitoka Arusha harusini. Tulipofika njiani simu yake ikalia, akaanza kumimina Kihispania kama maji ya bomba. Alipokata simu nikamwuliza amekisomea wapi. Kumbe ni mwongozaji wa watalii, huwapeleka Wahispania Serengeti na Ngorongoro. Nikamweleza kisa changu chote, hata habari ya kabati.

Akacheka kwa adabu. "Mzee wangu, mimi nilikwama miaka miwili. Nilijua kusema: huyu simba, huyu tembo, amelala, anakula. Mgeni akiniuliza zamani watu walikuwa wakiishi vipi humu, nanyamaza, naelekeza kidole kwa twiga."

"Sasa ukafanyaje, mwanangu?"

"Niliacha kujifunza Kihispania, mzee. Nikajifunza kusimulia hadithi moja kwa Kihispania. Ilipokaa sawa mdomoni, nikachukua ya pili."

Wasikilizaji, maneno hayo nilikuja kuyaelewa vizuri baadaye. Nilipofika nyumbani nilitaka kwanza kujua jambo moja: huku kukwama ni ugonjwa wangu mimi na uzee wangu, au ndiyo njia wanayopita wote? Nikasoma huku na huko, na niliyoyakuta yalinipunguzia aibu.

La kwanza ni la zamani sana. Mwaka 1897, huko Indiana, Marekani, wataalamu wawili, William Lowe Bryan na Noble Harter, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu wanaojifunza kazi ya telegrafu, ile ya kupokea habari kwa mlio wa nukta na mistari. Walimpima mwanafunzi juma baada ya juma. Katika kutuma, mwanafunzi alipanda vizuri tu. Lakini katika kupokea, yaani kusikia na kuelewa, alipanda, kisha akasimama. Majuma yakapita, mazoezi ni yale yale, kasi haiongezeki. Halafu, kwa yule asiyeacha, kasi ikapanda tena.

Maelezo yao yalikuwa haya: mwanzoni mwanafunzi husikia herufi moja moja. Baadaye husikia neno zima kwa pamoja. Mwisho husikia fungu zima la maneno. Pale anaposimama, ujuzi wa ngazi ya chini bado haujawa wa kujiendesha wenyewe. Bado unakula akili yake yote, hakibaki cha kumpandisha ngazi ya juu. Kwa nje anaonekana amelala. Kwa ndani kuna kazi inaendelea ambayo kipimo hakiioni. Wataalamu waliofuata wamebishana nao katika mambo kadhaa, lakini kila aliyewahi kusikiliza lugha ya kigeni redioni atalitambua jambo hilo. Mimi nilikuwa nasikia neno moja moja, na Mhispania hasemi neno moja moja.

La pili ni mwendo. Mwaka 2011 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walitoa matokeo ya kupima kasi ya lugha kadhaa. Waliona kwamba msomaji wa Kihispania hutoa karibu silabi 8 kwa sekunde moja, wakati wa Kiingereza hutoa karibu 6. Kumbe sikuwa kiziwi. Lugha yenyewe inakimbia, ila kila silabi imebeba mzigo mdogo zaidi, na mwishowe habari inayofika ni karibu ile ile.

La tatu ni hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Ukiwa na maneno 200 ukaongeza 10, umeongeza moja kwa ishirini, na mwenyewe unajiona umenenepa. Ukiwa na maneno 2,000 ukaongeza 10 yale yale, umeongeza moja kwa mia mbili. Jasho ni lile lile, lakini kioo hakionyeshi kitu. Tena yale maneno ya kwanza ndiyo yaliyomo katika kila sentensi, kwa hiyo yanajirudia yenyewe bila kuombwa. Maneno yanayofuata, kama kinu, mchi, kizibo, unaweza kukutana nayo mara moja kwa mwezi. Usipoyatafuta, hayatakutafuta.

Na la nne ndilo lililonichekesha. Wamarekani wana chuo chao cha kuwafundisha lugha mabalozi na maofisa wa ubalozi. Kihispania wanakiweka katika kundi la lugha nyepesi kwa msemaji wa Kiingereza, na hata hivyo wanampa mwanafunzi wiki 24 hadi 30 za kushinda darasani kila siku ya kazi, kiasi cha saa 600 au zaidi. Nikachukua kalamu. Nusu saa kwa siku, kwa miezi minane, ni kama saa 120. Yaani nilikuwa nimetembea sehemu moja kwa tano ya safari, nikakaa chini kando ya barabara, nikalia kwamba sijafika.

Basi nikalishusha daftari. Sasa nitawaambia niliyoyabadilisha, si kwa kuwa mimi ni mwalimu, bali kwa kuwa mwenye kuungua ndiye ajuaye jiko lilipo.

Kwanza nilibadilisha kipimo. Hesabu ya siku za kufululiza nikaiacha, maana ilikuwa inahesabu uaminifu wangu kwa simu, si uwezo wangu wa kusema. Badala yake, kila tarehe mosi nilijirekodi nikizungumza kwa dakika mbili juu ya jambo lolote, nikaweka. Kwa siku moja au juma moja huwezi kujiona unakua, kama vile mama hamwoni mwanawe anavyorefuka. Lakini nilipokuja kusikiliza sauti yangu ya miezi mitatu nyuma, nikacheka peke yangu chumbani. Yule mzee wa Januari alikuwa anatafuta maneno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Pili nilibadilisha usikilizaji. Zamani nilikuwa nafungulia redio saa nzima na kujidanganya kwamba nasoma. Sasa nikachukua kipande cha dakika mbili tu, nikakirudia juma zima. Siku ya kwanza mto unapita. Siku ya tatu mawe yanaonekana. Siku ya sita nasikia kumbe yale niliyoyadhani ni neno moja refu ni maneno manne yaliyoshikana mikono. Nikamwomba binti yangu anirekodie mtoto akieleza habari za shuleni, ili nizoee na zile herufi alizomeza.

Tatu, na hili ndilo lililoniondoa nilipokwama, nilitafuta shimo lenyewe liko wapi. Nilikuwa nikisema "sijui Kihispania", na hilo ni shimo lisilo na kipimo, huwezi kulifukia. Yule kijana wa Arusha alinionyesha kwamba shimo langu na lake lilikuwa moja: wakati uliopita. Mimi niliweza kusema anakula, amelala. Sikuweza kusema alikuwa akifanya nini.

Kihispania kina njia mbili za kusema yaliyopita, na vitabu vinaziandikia kurasa nyingi za kutisha. Nilizisoma mara tatu bila kuambulia kitu, hadi nilipoacha kuzitazama kwa macho ya kitabu nikazitazama kwa macho ya kwetu. Sisi tunasema "alipika", jambo likatendeka likaisha. Tunasema pia "alikuwa akipika", jambo lilikuwa linaendelea, au ndiyo yalikuwa mazoea yake. Hivyo ndivyo walivyo wao. Alipika ni cocinó. Alikuwa akipika ni cocinaba. Mvua ilikuwa ikinyesha alipofika: llovía cuando llegó. Tofauti hiyo nilizaliwa nayo. Nilikuwa nagonga mlango wa nyumba yangu mwenyewe.

Baada ya hapo nikawa nauliza kila mara: hili kwetu lipo? Mara nyingi nalikuta. Wanafunzi wa Kihispania duniani kote wanalia kwa ajili ya vitenzi viwili, ser na estar. Mswahili anayo "ni" na anayo "yuko". Soy profesor, mimi ni mwalimu. Estoy en casa, niko nyumbani. Hazilingani kila mahali, lakini zinakufikisha mbali. Wanalia pia kwa ajili ya kitenzi kinachogeuka mwishoni unapotaka au unapoomba jambo litendeke. Sisi tunasema "anasema", lakini "nataka aseme". Wao habla, lakini quiero que hable. Tazama, wasikilizaji: a inageuka kuwa e, kwao kama kwetu! Vitenzi vingine vyao vinakwenda kinyume, na huko bado najikwaa hadi leo. Lakini kujikwaa mahali unapopajua si sawa na kupapasa gizani.

Nne, nilijiwekea kiwango cha chini cha siku mbaya. Watu hutuambia tutafute hamu. Mimi nimeona hamu haitafutwi. Huja kazi ikishaanza, na siku nyingine haiji kabisa. Siku ambazo mgongo unauma, au umeme umekatika, au nimetoka kuzika, sikujidai nusu saa. Nilisikiliza zile dakika mbili, nikasema sentensi tatu kwa sauti, nikafunga. Sentensi tatu hazimfundishi mtu Kihispania. Kazi yake ni kulizuia daftari lisirudi juu ya kabati.

Na kupita hayo yote, nilifuata lile neno la kijana wa basi. Sikujifunza tena Kihispania. Nilijifunza kujibu swali moja: bibi alikuwaje?

Niliandika kwanza kwa Kiswahili. Alikuwa mfupi. Alikuwa akiimba akipika. Hakuwa akikaa kula mpaka kila mtu awe amekula. Alikuwa akikuna nazi barazani, na watoto wa jirani walikuwa wakija kuomba tui. Kisha nikaanza kuvusha sentensi moja moja. Cantaba cuando cocinaba. Kwa sentensi zile nilihitaji maneno ambayo hakuna programu ingenipa, na safari hii hayakukimbia ilipofika Alhamisi, kwa kuwa kila neno lilikuwa na mtu wa kulishika mkono.

Nikakwama kwenye mbuzi. Nasema ile mbuzi ya kukunia nazi, kigoda chenye ulimi wa chuma. Nilitafuta Kihispania chake sikukipata. Nikamwambia binti yangu, naye akasema, "Baba, hawana kitu hicho. Eleza tu kilivyo." Nikakaa nikafikiri, na hapo shetani wa utani akaniingia.

Jumapili iliyofuata nikamwambia mjukuu, "Uliniuliza habari za bibi. Sasa nitakujibu." Nikasimulia. Nilikosea mara nyingi. Mara mbili mtoto alinisahihisha bila hata kuacha kula mkate wake. Alipojua kwamba bibi alikuwa akiimba, akauliza alikuwa akiimba nini. Kisha nikafika kwenye nazi, nikakaza uso, nikasema, "La abuela se sentaba en una cabra." Bibi alikuwa akikaa juu ya mbuzi.

Mtoto akaacha kutafuna. "¿En una cabra?"

"Sí," nikasema. "Una cabra de madera, con un diente de hierro." Mbuzi wa mti, mwenye jino la chuma.

Akanitazama, akamtazama mama yake, akaona mama yake amefunika mdomo kwa kanga, akajua kwamba babu anamtania. Akacheka mpaka simu ikaanguka chini, nikawa natazama dari ya nyumba ya Málaga na kusikia kicheko tu. Tangu siku hiyo, kila akinipigia, salamu yake ya kwanza ni kuuliza hali ya mbuzi wa bibi.

Sisemi kwamba nimefika. Redio bado inanipita katika habari za uchumi, na baba yake mtoto akizungumza na wenzake mimi hubaki nikitabasamu kama picha. Najua pia kwamba kuna tambarare nyingine mbele yangu, huenda ndefu kuliko ile, kwa sababu hesabu ya maneno kumi kwa maelfu haina huruma. Lakini sasa nikiona mwezi umepita bila kupanda, sijiulizi kama nina akili. Najiuliza maswali matatu: saa zangu ni ngapi kweli kweli? Shimo lenyewe liko wapi? Na ni nani anayengoja jibu langu?

Najua wapo mnaonisikiliza ambao si Kihispania kinachowasumbua. Yupo anayesoma Kiingereza cha kazini darasani jioni, yupo wa Kifaransa, yupo wa Kichina cha biashara Kariakoo, yupo anayejifunza cherehani au kompyuta. Na yupo, najua, aliyekwisha kulitupa daftari lake. Kwako wewe nasema: huko juu ya kabati kuna vumbi tu. Lishushe, upanguse, uandike ukurasa wa kwanza jambo moja ambalo unataka kumwambia mtu mmoja. Anza na hilo.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nawatakia jioni njema.